Lumbesa ya Magogo Manane

Wapo wanaosema mtu wa darasa la nne hawezi kujifunza Kichina. Mimi niliishia darasa la nne, na sikuishia kwa kukosa ada. Mwalimu wa hesabu alinipiga kichwani mara tatu kwa rula ya ubaoni, kisa saba mara nane, na ya nne ilipokuwa inashuka niliudaka mkono wake nikaung'ata mpaka nikasikia chumvi ya damu. Nyumbani Kifanya baba alinimalizia kwa fimbo mbichi ya mlingoti. Kesho yake nilikuwa msituni navuta msumeno na watu wazima, na msituni ndiko nilikokulia.

Leo nina malori matatu, mashine mbili za kuchana mbao, na nyumba mjini Njombe ambayo mgeni akipita lazima aulize ni ya nani. Saba mara nane bado inanipiga chenga. Lakini nionyeshe gogo limelala chini, nitakwambia litatoa mbao ngapi, na sitakosea.

Wachina walipofungua kiwanda Makambako, mimi nilikuwa wa kwanza kuwapelekea milingoti. Kazi yao ni kumenya magogo. Gogo linazungushwa kwenye kisu kirefu, linamenyeka kama kiazi, unatoka ubao mwembamba kama karatasi. Ndani kulikuwa kuzuri. Nje, kwenye yadi ya magogo, kulikuwa machinjioni. Dereva wa winchi alikuwa Mchina, wapakuaji walikuwa watu wetu, na katikati yao alisimama mkalimani, kijana msomi wa chuo, mbali kidogo, na mwavuli, asichafue viatu. Amri ilitoka kwa Mchina ikapita kwake, na ilipowafikia wapakuaji gogo lilikuwa limeshaondoka. Masika ya kwanza nilimwona mtu akipoteza vidole vitatu, na mwingine mbavu zake zikiingia ndani kama kikapu kilichokaliwa.

Bosi akatangaza kwamba anataka Mtanzania mmoja wa kushika yadi. Elewa maana yake. Anayeshika yadi ndiye anayesema lori la nani liingie leo na la nani lioze kwenye matope siku tatu. Ukiishika yadi umeyashika magogo yote ya kuanzia Kifanya mpaka milima ya Lugarawa. Tulioitaka tulikuwa wawili, mimi na mkalimani. Wa kuchagua alikuwa fundi mkuu wa mashine, Mchina wa miaka sitini na kitu, mfupi, mnene wa shingo, mkono wa kushoto hauna vidole viwili. Wote tulimwita shifu, ambalo kwao ni jina la heshima la fundi.

Shifu alisema hivi: huyu anajua kusema ila hasogei kwenye magogo, huyu anasogea ila hajui kusema. Akanipa mimi mpaka mwisho wa mvua niwe nimejua kusema.

Mkalimani alicheka mbele ya watu pale kwenye nyama choma. "Mzee, gudimoning yenyewe unaitoa saa kumi jioni. Kichina utakiweza?"

"Bwana mdogo," nikamwambia, "nikishindwa nitakubeba mgongoni kutoka stendi mpaka njiapanda ya Songea, mchana kweupe."

"Na ukishinda?"

"Utanitafsiria mbele ya bosi neno kwa neno, bila kukata."

Akanipa mkono. Watu wote pale ni mashahidi.

Namba nilizishika kwa wiki moja. Nikadhani ukijua tatu, na ukajua gogo, umemaliza. Nikamwendea shifu nikasema tatu gogo. Akanichapa mkononi kwa utepe wa ubao mbichi uliomenywa, kitu chembamba kinachouma kama kiboko cha mgambo. "San gen," akasema. Naandika kama nilivyosikia. Kumbe kwao kati ya namba na kitu lazima likae neno la kukipimia. Kitu kirefu kigumu kama gogo ni gen. Kitu bapa kama ubao ni jang. Ukilisahau hilo neno, au ukaweka lisilo lake, unachapwa. Siku mbili mikono yangu ilivimba mpaka kijiko kikanishinda.

Siku ya tatu alinizaba kofi la sikio mbele ya wapakuaji wangu.

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na saba. Nimepiga watu Makambako mpaka nimechoka kuwapiga. Nilimtupia ngumi ya taya, akayumba, akatema damu. Halafu akaja kama dume la ng'ombe, akanipiga ngumi moja tu ya kifua, nikajikuta nimekaa kwenye matope na pumzi siioni.

"Amka, mkuu!" wapakuaji wakapiga kelele. "Usituaibishe, mkuu, mmalize!"

"Huyo babu ni jiwe, mwacheni mkuu apumue!"

Shifu akainua kidole kimoja. "Yi chuan," akasema. Ngumi moja. Nikainuka nikampiga teke la ugoko. Akaguna, akashika mguu, na bado akanihesabia. "Yi jiao." Teke moja. Kwao hata kipigo kina neno lake, na ni kiungo kilichokupiga ndicho kinachohesabiwa. Alikuwa anacheka, meno yote mekundu. Nikamchapa kofi ili nijue kofi linaitwaje. Akaniambia, kisha akanirudishia.

Tulimalizia juu ya gogo moja, tunakunywa chai ya rangi, yeye amejaza pamba puani, mimi nashika mbavu. Na pale ndipo kilinifungukia, bila chuo. Mbona na sisi maneno hayo tunayo? Sokoni Njombe unanunua mche wa sabuni, mkungu wa ndizi, tita la kuni, fungu la nyanya. Nenda kaombe tita la sabuni uone watakavyokuzomea. Tofauti ni kwamba sisi tumevivika vitu vichache tukaviacha vingine. Kwao hakuna kitu kinachotembea uchi.

Baada ya hapo nilikula maneno kama moto unavyokula nyasi za Agosti. Nilipoendesha lori kutoka Njombe, ukungu umeziba barabara, nilihesabu kwa sauti kila kilichonitokea mbele. Ng'ombe na nguruwe ni tou. Asubuhi moja nguruwe wa mtu alikatiza, nikamgonga akarukia mtaroni, na kabla sijakanyaga breki vizuri nilikuwa nimeshasema yi tou. Nilimlipa mwenye nguruwe, tukagawana nyama.

Vitu vya kushika mkononi ni ba: panga, shoka, kisu. Na kiti pia. Nilikuwa nahesabu viti vya sebuleni, mke wangu akasimama mlangoni na ufagio. Nikamweleza.

"Baba watoto, kiti na panga neno moja?"

"Vyote vinashikika, mama."

"Hao watu wamekujua," akasema. Anakumbuka mwaka niliovunja kiti mgongoni kwa dalali wa mbao, akaja polisi kunitoa kwa kanga moja na maneno mengi ya Kibena.

Halafu kuna tiao. Kitu kirefu kinachopinda: barabara, nyoka, kamba, mnyororo. Shifu alinionyesha kuwa na mguu wa mtu ni tiao. Akapitisha kidole shingoni pake, akanionyesha kuwa na uhai wa mtu ni tiao pia. Nikacheka. Nikamwonyesha nyoka kwa mkono, nikamuuliza uhai ni mrefu hivyo? Hakucheka.

Mvua zikaisha. Siku ya mtihani ikapangwa: nilete lori langu mwenyewe, nilipakue kwa mdomo wangu, mkalimani anyamaze.

Sasa nieleze jambo la huku kwetu kwa asiyelijua. Gunia la viazi lililoishia mdomoni unampelekea mtu usiyempenda. Mtu unayemheshimu unamfungia lumbesa: unajaza, unashindilia kwa magoti, unaweka kilima juu, unakikaza kwa kamba mpaka gunia linakuwa na mimba. Serikali imekataza, nasi tunaitikia kwa kichwa na kuendelea kufunga. Mama yangu alifunga lumbesa hadi ya mahindi ya sadaka ya kanisani.

Basi mimi niliikata milingoti ya shamba langu la Kifanya, iliyonyooka kama mishumaa. Lori lina vigingi vinne vya chuma pembeni, na magogo yanatakiwa yaishie kwenye ncha za vigingi. Nilipofika kwenye ncha nikaona aibu. Nimpelekee shifu, mtu aliyenipa lugha kwa mikono yake, mzigo ulioishia mdomoni? Nikaongeza manane juu. Nikayakaza kwa mnyororo.

Dereva wangu akazunguka lori mara mbili. "Mkuu, hii imezidi."

"Hii ni heshima," nikamwambia. "Washa gari."

Tulifika Makambako jua limetoka. Bosi yupo, mkalimani na mwavuli wake ingawa mvua zimeisha, wapakuaji wote. Nikasimama kando ya lori, kifua mbele, naanza kutaja. Lori hili. Mnyororo huu. Shifu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nikamwamuru mpakuaji, kwa Kichina kwanza kisha kwa Kiswahili, afungue mnyororo, nami macho yangu yalikuwa kwa mkalimani, nataka nione uso wake.

Kwa hiyo sikuona magogo yakianza kutembea. Shifu aliona. Alinijia mbio, akanipiga ngumi kifuani, palepale pa mara ya kwanza, kwa nguvu ambayo mzee wa umri ule hana ruhusa ya kuwa nayo. Nikaruka nyuma nikaanguka chali. Magogo yakashuka pale nilipokuwa nimesimama, ardhi ikatetemeka, moja likadunda kama mpira likamkuta yeye. Nilisikia mguu wake ukivunjika. Ni mlio wa tawi bichi linalovunjwa gotini. Gogo likamlalia chini ya goti, likatulia.

Watu walikimbia. Mkalimani naye aliangusha mwavuli akakimbia, mdomo wazi, hakuna Kichina wala Kiswahili. Mimi nilitambaa mpaka kwa shifu nikamgeukia mtu wa winchi nikapiga kelele: gogo moja! Moja! Polepole! Kila neno mahali pake. Winchi haikusubiri mkalimani. Meno yake yalishuka, yakauma lile gogo moja tu, likapanda taratibu, nami nikamvuta shifu kwa makwapa. Mfupa ulikuwa umetoka nje ya suruali.

Tukamlaza nyuma ya pikapu. Bosi akaja anafoka. Mkalimani akarudi, akapata sauti. "Anauliza nani alipakia hivi."

Dereva wangu alikuwa pembeni yangu. Ningeweza kusema ni yeye. Yadi ilikuwa mdomoni mwangu pale, nikisema yeye naipata, nikisema mimi naikosa. Shifu akanitazama, uso umekuwa wa majivu. Akaniuliza mwenyewe, yamezidi mangapi?

"Ba gen," nikasema. Manane.

Ya nani?

"Wo de." Yangu mimi. Nilipakia mimi.

Shifu akamwambia bosi maneno marefu, anayakata kwa maumivu. Mkalimani akatazama chini.

"Tafsiri, bwana mdogo," nikamwambia. "Ulinipa mkono."

"Anasema yadi apewe huyu mzee. Anasema mimi nilipoona gogo linakuja nilikimbia. Anasema wewe hayo manane utayaona kila ukifumba macho, kwa hiyo hayatazidi tena."

"Endelea."

"Anasema yakizidi hata moja, atarudi kukuvunja mguu yeye mwenyewe, hata kwa mkongojo."

Shifu akagusa mguu wake uliovunjika, akainua nyusi, vilevile kama kwenye masomo.

"Yi tiao tui," nikajibu. Mguu mmoja.

Akauhamisha mkono, akauweka kifuani pangu, palipokuwa panawaka moto wa ngumi yake. Akasubiri. Nikajibu. Yi tiao ming. Uhai mmoja.

Akaitikia kwa kichwa, pikapu ikaondoka.

Alirudi kwao anachechemea. Yadi ninayo mpaka leo, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyepoteza hata ukucha ndani yake, kamuulize yeyote Makambako. Vigingi nimevipaka rangi nyekundu kwenye ncha. Madereva wawili walinibishia na lumbesa zao. Mmoja nilimshusha kwenye lori kwa ukosi wa shati, mwingine tulipigana mpaka tukaingia mtaroni, na magogo yake aliyarudisha Kifanya. Mwezi wa sita baridi ikikaza, kifua kinaniuma mahali padogo panapotosha ngumi moja.

Viazi bado nafunga lumbesa, nisije nikaitwa bahili. Gogo linaishia kwenye rangi nyekundu.