Kinukta cha Fundi

Fundi pikipiki hakuwahi kuondoka na pikipiki yake bila kupangusa vioo viwili vya pembeni kwa mkono wa shati lake, hata vikiwa vinang'aa. Juma lile alikuwa akichagua programu ya ramani ya kumwongoza katika safari ya mwezi mzima, peke yake, na dada yake alikaa naye gereji akijifanya hana wasiwasi. Kila programu aliipima vilevile: aliiuliza njia ya kwenda kwa mama yao, ambayo angeweza kuipita akiwa amefumba macho.

"Inanipeleka barabara kuu, kwenye malori," alinung'unika, akiiondoa kwa kidole chenye grisi. "Haijui raha ya kona."

Ya nne ilimruhusu kuuvuta mstari wa njia hadi kwenye kona za mlimani, akacheka kama mtoto. Dada yake akamwonyesha ya tano, isiyo na ujanja huo.

"Kwa hii nitaona ulipo, mdogo wangu. Kinukta tu kwenye simu yangu."

"Umekuwa askari siku hizi?"

Lakini fundi alimtazama dada yake usoni, akaiondoa ya nne, akabaki na ya tano.

Asubuhi ya safari alipangusa vioo, akavaa helmeti, akawasha.

"Kinukta kikisimama, dada, usianze kulia. Nitakuwa napangusa vioo."