Kiondo Mbele ya Korongo

Pale mjini Kitui, miaka michache baada ya Uhuru, mzee mmoja Mhindi alikuwa amegeuza chumba cha nyuma ya duka lake kuwa makumbusho. Chumba kimoja, mlango mmoja. Ndani kulikuwa na vitu vya kwao Bara Hindi na vya Uchina na Japani. Kuingia ilikuwa bure, na mtu hakuweza kununua hata kiberiti bila kuambiwa, "Ingia, angalia."

Mimi niliingia Jumamosi moja, nikitoka kununua sukari na blanketi. Kesho yake nilikuwa niende Ikutha na mzee wa ukoo wetu kumwomba mke wangu arudi. Alikuwa amekaa kwa mama yake tangu mvua iishe. Tuligombana. Yeye alikuwa na sababu zake na mimi zangu, na sitaziandika, maana yeye hayuko hapa kunijibu.

Nilishangaa sana mle ndani. Kulikuwa na mtu wa shaba mwenye mikono mingi, anacheza kwa mguu mmoja. Kulikuwa na mwingine wa mti, amekaa, macho yamefumbwa nusu. Sikujua kama ni Mungu au ni mtu amechoka. Nilivua kofia, nikaivaa tena, nikaona labda ni makosa, nikaivua.

Halafu nikaona kiondo chini, kimejaa mayai. Kilikuwa na mstari wa buluu. Ule uzi nilikuwa naujua, ulitoka kwa sweta yangu iliyochakaa, na aliyesuka ni mke wangu. Nyuma ya kiondo kulikuwa na pazia la karatasi na mbao, lile la kukunjwa, limechorwa korongo, yule ndege wa miguu mirefu. Chini ya korongo nikaona miguu ya mama mtu mzima.

Mama mkwe wangu.

Kwa sisi Wakamba, mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hiyo ndiyo nthoni. Mkikutana njiani, kila mmoja anaingia kichaka chake. Ukiivunja unapeleka mbuzi, na watu wanasema huna adabu. Nani angenipa mke wangu kesho yake baada ya jambo kama hilo? Na pale hapakuwa na kichaka. Yeye alikuwa ameingia nyuma ya korongo. Mimi niligeukia ukuta.

Yule mzee Mhindi akaja na Kiswahili chake cha dukani. "Bwana, kwa nini naangalia ukuta? Ukuta hiyo mimi nimepaka chokaa juzi, haina kitu."

"Naiangalia tu, mzee. Ni nzuri."

"Wacha ukuta! Njoo, mimi nakunja hii, wewe naona korongo vizuri."

"Usikunje!"

Nilipiga kelele kweli. Mzee akaondoa mkono kwenye pazia. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya polepole, kama mtu anayeongea na jirani.

"Wewe uliyekaa na macho nusu, naona unajua kunyamaza. Basi nikuambie. Binti yangu hajakataa kurudi kwake. Anachokataa ni wazee kuja kumhesabia makosa mbele ya watu. Anayekuja kesho aje na mdomo mdogo."

"Mama naongea na sanamu yangu?" mzee akauliza, na akafurahi sana.

Nilifunika kichwa kwa koti, nikatembea kiubavu kuelekea mlango. Mkono mmoja wa yule mwenye mikono mingi ukanishika. Nilivuta, koti likachanika kwapani. Nyuma ya korongo mtu alicheka, au alikohoa. Nimefikiria sana na siwezi kuapa.

Sikulala vizuri. Kama aliniona, napaswa kupeleka mbuzi. Kama hakuniona, nikipeleka mbuzi nitakuwa nimemwambia kwamba mimi nilimwona. Na yale maneno, aliniambia mimi au aliuambia mti? Mtu anaweza kuongea na sanamu. Mimi mwenyewe niliivulia kofia.

Asubuhi, tukikaribia Ikutha, nikamwomba mzee wetu asiseme mengi.

"Umenitoa Kitui mpaka Ikutha nije kunyamaza?"

"Salimia, halafu omba. Makosa tuyaache."

"Na hayo makosa nimeyapanga usiku kucha!"

Lakini alinyamaza, namshukuru. Alisalimia, akaomba, akafunga mdomo kama anaumwa na jino. Wenyeji wakatazamana. Baadaye kijana mmoja akatumwa kutoka nyumba ya mama, akasema, "Mama anasema binti aende na mume wake. Na lile koti lishonwe."

Mzee wetu akanitazama. Nilikuwa nimevaa shati tu. Koti nililiacha nyumbani.

Mke wangu alitoka na kiondo chake kichwani. Njiani sikumwuliza kitu. Jioni akalichukua koti bila kuonyeshwa lilipo, akalishona kwa uzi wa buluu, na ndipo nikauliza kama nipeleke mbuzi.

"Wa nini?"

"Mama aliniona."

"Mama amesema alienda kuuza mayai, akaongea na mtu wa mti." Akakata uzi kwa meno. "Kwani wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa naangalia ukuta. Ilikuwa kweli. Mbuzi niliyekuwa nimemtenga kwa ajili ya mama mkwe alibaki zizini mpaka akazaa, na mpaka leo sijajua alikuwa wa nani.