Mashuka Kumi na Moja ya Maonyesho ya Sanda

Walisema sitaweza. Mkimbizi wa kambi ya Dzaleka, hapa Malawi, apange maonyesho City Centre ya Lilongwe? Fundi cherehani mmoja, Mkongomani mwenzangu, alinicheka mbele ya wateja wake: "We docteur wa mashuka! Bantu ba Lilongwe batakuja kuangalia mashuka ya bakimbizi? Njo ulisomea hayo?"

Ndiyo, nilisoma. Nilirudi kambini na diploma ya maabara niliyoipata Lusaka kwa kujilipia mwenyewe, na sioni aibu kusema kwamba miaka ile hapakuwa na mwingine kama mimi pale.

Kanisa moja la Lilongwe lilikuwa limepata picha ya Sanda Takatifu, yenye urefu uleule wa kitambaa ambacho wengi huamini kilifunika mwili wa Bwana. Nilijitolea kuwapangia maonyesho, nikawaambia picha peke yake haitoshi. Nikaandaa meza ya majaribio: kitambaa kilichounguzwa kidogo kwa chuma cha moto, kingine kilicholoweshwa jasho na manukato, ili watu waone jinsi alama inavyoingia kwenye nyuzi. Na ukuta wa mwisho nilitaka sanda zinazongoja watu.

Kambini zilikuwepo. Wengi wetu tulizika ndugu njiani kwa kuwafunika majani. Ndiyo maana mtu akishapata nyumba Dzaleka hununua shuka jeupe, halilaliwi, linakaa chini kabisa ya sanduku. Niliomba nyumba kwa nyumba, wakakubali kumi na moja. Wa mwisho alikuwa bibi wa Kirundi, ambaye mumewe alikuwa mgonjwa nyuma ya pazia.

"Litarudi lini, mwanangu?"

"Wiki mbili, Mama. Bila doa."

"Mzee, umesikia? Usiondoke kabla ya wiki mbili."

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Mwambie asikawie. Kufa siogopi, naogopa baridi."

Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Mmoja aliniuliza mbele ya picha ya Sanda, "Sasa ni ya Bwana au si yake?" Nilimjibu kwamba maabara inaweza kupima umri wa uzi na kusema kama doa ni damu, lakini jina la aliyelala humo hakuna chombo kinacholisoma. Alitikisa kichwa, akaliandika jibu langu. Jioni wote walipanda magari yao, nami nikala nsima, ugali wa huku, peke yangu kwenye ngazi za ukumbi. Kati ya wale walioniazima mashuka, hakuna aliyepata ruhusa ya kutoka kambini aje kuona.

Siku ya kumi bibi alinipigia kwa simu ya jirani. "Mzee amezidiwa. Lete shuka."

Kesho yake askofu alikuwa anakuja. Lile shuka lilishikwa na misumari miwili tu, ningeling'oa na kuwahi basi la mwisho. Lakini ukuta ungebaki na pengo.

"Kesho jioni, Mama. Kesho jioni niko hapo."

Askofu alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu, akanipa mkono, akapigwa picha nami. Nilifika Dzaleka jua likizama. Mzee alikuwa ameshazikwa, amefungwa blanketi la jirani lililokuwa fupi upande wa miguu.

Bibi alilipokea shuka, akalipapasa kwa vidole kutoka ncha hadi ncha.

"Kweli, halina doa."

"Nilikuahidi, Mama."

"Haya. Sasa ni langu." Akaingia ndani kulitia sandukuni. Sikuambiwa niketi.

Maonyesho yalipokwisha niliyafua yale kumi, nikayapiga pasi, nikayarudisha yote asubuhi moja. Hakuna lililopotea wala kuchafuka, na hilo hakuna wa kulikanusha. Kila nyumba walisema asante wakafunga sanduku, na hakuna aliyeuliza maonyesho yalikuwaje. Kwenda nyumba ya mwisho njia ya karibu ilipita mlangoni kwa bibi. Nilizungukia upande wa soko.