Msichana wa Kiyunani Mkononi mwa Ruthu

Siku Ruthu alipokata shauri, alianza kwa kukata mikono ya gauni lake mwenyewe. Lilikuwa gauni la kitenge cha kijani, sare ya akina mama kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga Evodia, binti yake wa pekee, kabla ya ndoa. Kamati ya sherehe ilichagua mshono usio na mikono, na kwa kuwa Ruthu ndiye fundi cherehani wa mtaa wao pale Ipagala, sare zote zilipita chini ya sindano yake. Za wenzake alizishona kama kamati ilivyotaka. La kwake akalitia mikono mirefu, kama alivyozitia nguo zake zote tangu Evodia akiwa darasa la pili. Akalitundika ukutani, na kila alipoinua macho kutoka kwenye cherehani lilimtia hasira. Asubuhi moja akalishusha, akaifyeka mikono yote miwili na kuvitupa vipande kwenye mfuko wa viraka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kilichokuwa kikifichwa na mikono hiyo ni jina la mwanamume. OCTAVIAN, herufi kubwakubwa, zimelala kwenye mkono wa kushoto kutoka karibu na kiganja hadi karibu na kiwiko. Alichorwa akiwa msichana mbichi huko Mpwapwa, kwa sindano ya kushonea na masizi ya kibatari, na aliyemchora ni Octavian mwenyewe. Octavian alikuwa na baiskeli na redio. Enzi hizo kijana mwenye vyote viwili aliweza kuandika jina lake popote alipotaka, na wasichana wakamshukuru.

Walioana, wakahamia Dodoma mjini, akapatikana Evodia. Uzazi ule ulikuwa mgumu, na daktari akamwambia Ruthu kwamba asitegemee mwingine. Octavian alivumilia miaka michache, kama mtu anayesubiri foleni isiyosogea. Mwishowe akasema wazi kwamba anataka mtoto wa kiume, mtu wa kubeba jina lake, akaenda kuanza upya kwa mwanamke mwingine Nzuguni. Maneno hayo aliyatamka mlangoni, godoro kichwani, mbele ya mtoto aliyesimama na sare za shule akisubiri kusindikizwa.

Godoro likichukuliwa unanunua jingine. Jina likibaki kwenye ngozi, unaficha. Ruthu alificha kwa mikono mirefu katika joto la Oktoba, kwenye misiba, kwenye ubarikio, hata kwenye kufua. Ndani ya nyumba tu ndipo mkono ule ulipata hewa, na Evodia alijifunza kusoma juu yake, akifuata herufi kwa kidole mama yake akimenya viazi. Ruthu alimwacha asome. Mtoto hana kosa la kutaka kujua jina la baba yake.

Sasa Evodia alikuwa daktari wa mifugo huko Bahi, mwanamke wa kuangusha ndama kwa mikono miwili, na alikuwa anaolewa. Wazee walisema baba mzazi lazima awepo. Ruthu alikubali bila ubishi, kwa kuwa haki ya mtoto ni haki ya mtoto. Alichokikataa ni kusimama karibu na Octavian mbele ya ukumbi mzima, ama akiwa amejiziba kama mtu mwenye kidonda, ama akiwa wazi, na Octavian ajisome pale kama mwenye kiwanja anayekagua bango lake.

"Mama, vaa tu mikono mirefu," Evodia alimwambia kwenye simu. "Nani atakuuliza?"

"Mimi nitajiuliza," Ruthu akajibu.

Hivyo ndivyo alivyojikuta Makole, katika chumba kilicho nyuma ya saluni ya kunyoa, kwa kijana mchora tatuu aitwaye Elisante. Wanafunzi wa chuo waliomletea suruali kupunguza walikuwa wamemsifia kijana huyo mno.

"Shikamoo mama. Umemfuata mtoto wako? Leo hajafika mtu hapa."

"Marahaba. Nimejifuata mwenyewe."

Elisante akavuta kiti. Kwanza hakuutazama mkono hata kidogo. Alimwomba aonyeshe bega lenye alama ya chanjo ya utotoni, akaipapasa kwa kidole gumba. Kama alama ile ingekuwa imevimba na kuinuka, alieleza, ngozi yake ingekuwa ya kutengeneza makovu ya uvimbe, naye asingeigusa kwa sindano hata kwa kubembelezwa. Ya Ruthu ilikuwa bapa. Ndipo akasoma lile jina, akakuna kichwa.

"Hili limekwenda chini sana, mama. Masizi?"

"Masizi."

"Basi halifutiki kwa mashine yangu. Linafunikwa. Na la kulifunika lazima liwe jeusi zaidi na kubwa zaidi."

Ruthu alielewa upesi kuliko wateja wote waliowahi kukaa kwenye kiti kile. Kiraka kidogo kuliko tundu ni kujidanganya, na kitambaa cheupe hakiwezi kuficha cheusi. Akaomba aonyeshwe michoro.

Albamu ya Elisante ilikuwa imejaa mashujaa. Wanafunzi ndio walioleta mtindo huo: mashujaa wa hadithi za kale za Wayunani, wenye misuli, kofia za chuma, mikuki.

"Wayunani hawahawa wa kwenye barua za Paulo?"

"Haohao, mama. Ila hizi ni hadithi zao za kabla ya Paulo."

Hapo Elisante akamweleza sharti lake. Hamchori mtu shujaa yeyote kabla hajasikia hadithi yake mpaka mwisho. Aliliweka sharti hilo baada ya bwana harusi mmoja kuchorwa Yasoni kifuani kwa kupenda merikebu yake tu. Mchumba wake akatafuta hadithi kwenye simu, na ndoa ikabaki kidogo ivunjike.

"Kwani huyo Yasoni alifanya nini?"

"Kuna mwanamke alimsaidia kupata ngozi ya kondoo ya dhahabu. Akamwoa, wakazaa. Kisha akamwacha, akataka binti wa mfalme."

"Fungua ukurasa mwingine."

Akafungua Theseo, aliyeingia kwenye jumba la vichochoro akamuua mtu mwenye kichwa cha fahali. Mchoro ulikuwa mzuri kweli, vichochoro vyeusi vinavyozunguka mkono mzima, jina lisingeonekana hata kwa tochi. Ruthu aliupenda, na karibu aseme ndiyo. Lakini sharti ni sharti. Ilibidi Elisante aseme kwamba msichana aliyempa Theseo uzi wa kumtoa mle ndani aliachwa kisiwani akiwa amelala.

"Amelala! Hata kumwamsha amuage?"

"Hata kumwamsha."

"Wangu angalau aliniaga," Ruthu akasema, na akacheka kwa uchungu kidogo. "Endelea."

Yaliyofuata yalikuwa kama kesi kwenye baraza la kata, Ruthu akiwa mwenyekiti, mzee wa baraza na mlalamikaji kwa pamoja. Herakle mwenye rungu na ngozi ya simba aliletwa, ikathibitika kwamba aliwaua watoto wake kwa wazimu. Akafukuzwa. Odiseo naye alijitetea kwa akili nyingi, lakini alimwacha mkewe akisuka na kufumua nguo ileile miaka na miaka akimngoja, na kama kuna mtu duniani aliyeumia kusikia habari ya nguo nzuri kufumuliwa, ni Ruthu. Elisante alianza kuona aibu kwa niaba ya Wayunani. Jasho lilimtoka.

"Mwanangu, hawana shujaa mmoja ambaye ningemruhusu apose nyumbani kwangu?"

Elisante alifikiri, kisha akafunua kurasa za mwisho, mahali asipofika mtu. Palikuwa na msichana anayekimbia, nguo imepigwa fundo juu ya goti.

"Huyu hajachorwa na yeyote. Vijana wanataka wanaume. Anaitwa Atalanta. Baba yake alitaka mtoto wa kiume. Alipozaliwa yeye, akaagiza atupwe porini."

Ruthu alivuta kiti karibu.

Elisante akasimulia: dubu aliyemnyonyesha, wawindaji waliomlea, nguruwe mwitu mkubwa aliyewashinda wanaume mpaka mshale wa msichana huyu ulipomfikia kwanza. Akasimulia mbio, kwamba mwanamume aliyetaka kumwoa ilibidi ashindane naye, na hakuna aliyemfikia. Kisha akasita.

"Mpaka mwisho," Ruthu akamkumbusha.

"Mmoja alimshinda kwa hila. Alikuwa anadondosha matunda ya dhahabu njiani. Msichana akawa anainama kuokota."

Elisante alisubiri hukumu. Ruthu alitazama mkono wake, zile herufi alizokuwa amezishikilia kwa fahari siku ya kwanza, zikiwa bado zinavuja damu, akizionyesha kwa wenzake kisimani.

"Mimi niliinamia baiskeli na redio," akasema. "Huyu namjua. Wenzake wote waliwaumiza waliowapenda, yeye alijikosea mwenyewe tu. Mchore. Ila mchore kabla hajainama, na tunda lolote usiweke."

Elisante alichora upya kwenye karatasi. Ngozi yetu, alisema, haitaki mistari myembamba kama unywele inayoonekana kwenye picha za simu, maana ikipona inakuwa ukungu. Inataka mistari minene na nafasi. Kwa hiyo herufi zote alizizamisha katika ardhi nyeusi tii, nene, yenye majani makavu ya kiangazi, na juu ya ardhi hiyo akamweka msichana, mwili wake ukiwa ni ngozi ya Ruthu yenyewe iliyoachwa bila wino, imezungushiwa mstari tu.

Iliuma. Kwenye herufi za zamani iliuma zaidi, na Elisante alimuuliza mara kwa mara kama apumzike. Ruthu alikuwa amechomwa na sindano maisha yake yote ya kazi. Alimwambia aendelee. Aliporudi mara ya pili, baada ya magamba kudondoka, hakuuliza hata itachukua muda gani. Umoja wa Mama kanisani watamsema, alijua. Watamsema mpaka wapate la mwingine.

Evodia alipofika kutoka Bahi na kuuona ule mkono, aliushika akaugeuzageuza kama anavyokagua mguu wa ng'ombe. Alitafuta herufi kwa kidole, hakuzipata. Machozi yalimlengalenga, na Ruthu akamwacha ayamalize.

"Ana mbio kweli huyu?"

"Hakuna mwanamume aliyemfikia."

"Basi aje Bahi anisaidie kufukuza ndama," Evodia akasema, akapangusa macho, na mama na mwana wakacheka mpaka majirani wakachungulia.

Usiku wa sendofu ukumbi ulijaa kijani. Ruthu aliingia mikono wazi, anacheza, na wale waliomzoea amejifunika waligusana viwiko. Hakumkwepa mtu. Ulipofika wakati wa keki, mshereheshaji akawaita wazazi wa bibi harusi, na Octavian akatoka meza ya mbali, mvi kichwani, suti ikimbana. Akasimama kando yake. Akamsalimia, akaitikiwa vizuri. Kisha macho yakashuka mkononi, yakatafuta, yakarudi tena kutafuta.

"Mama Evodia," akanong'ona, "hapo si palikuwa na jina langu?"

"Lipo. Kuna mtu amelikanyaga."

"Nani huyo?"

"Binti wa Kiyunani. Baba yake alitaka wa kiume, akamtupa porini. Akakua hukohuko, akawapita wanaume wote."

Octavian alikohoa. Mbele yao Evodia alikuwa anakata keki, mzuri, mrefu, mkono wake hautetemeki. Octavian alimtazama kwa muda, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyefika msibani akakuta wameshazika.

"Na yule baba," akauliza polepole, "ikawaje?"

"Alirudi. Binti alipokwisha kuwa mtu, akasikia sifa zake, akaja asimame naye mambo ya ndoa yalipofika."

"Akapokelewa?"

Evodia alikuwa anakuja, kipande cha keki kwenye uma, anatabasamu, na wa kwanza aliyemwelekea ni baba yake.

"Fungua mdomo," Ruthu akamwambia. "Mtoto anakulisha."