Mama Mkwe Juu ya Ubao wa Theluji

Alfajiri, milima ikiwa bado imejifunika giza, Sairakan anafungua mlango wa chumba cha viatu na joto linamlaki usoni. Mabuti yamening'inia ukutani safu kwa safu, ndimi nje, yakifuka mvuke. Anatia mkono ndani ya kila buti, taratibu, mpaka kwenye vidole. Lenye unyevu analisogeza karibu na jiko la makaa ya mawe. Lililokauka analipigapiga wayo na kulirudisha rafuni.

"Buti bichi ni kama mume aliyeamka na kisirani," anasema bila kugeuka. "Siku yako nzima inaharibika, na kosa wala si lako."

Sairakan ana miaka hamsini na mitatu. Kila majira ya baridi hupanda kufanya kazi kwenye kituo hiki cha kuteleza kwenye theluji, juu ya mji wa Karakol, kwa mshahara wa som elfu kumi na nane kwa mwezi. Majira ya joto hukamua ng'ombe. Mumewe, Kubat, anaendesha trekta la kulainisha theluji hapo hapo kituoni.

Amekausha viatu vya watu wa kila taifa. Lakini yeye mwenyewe, mpaka mwezi wa pili mwaka huu, hakuwahi kuteleza hata kidogo.

"Niliona ni mchezo wa waliokosa kazi ya kufanya," anasema, kisha anacheka kwa haya. "Ndiyo maana nilimkosea mkwe wangu."

Mkwe huyo anaitwa Nurzat. Aliolewa na Ilyas, mtoto wa pekee wa Sairakan, vuli ya mwaka juzi. Harusi haijapoa, Ilyas akaondoka kwenda Moscow kutafuta kazi ya ujenzi, na bibi harusi akabaki na wakwe.

Nurzat hakuwa mvivu. Alikuwa wa kwanza kuamka, akiwasha jiko, akimimina chai kwa macho yaliyoinama kama inavyompasa mke kijana. Ila alikuja na mzigo wake wa ajabu: ubao wa kutelezea theluji, wa rangi ya samawati, umekwaruzika kila upande. Kwao alijulikana kwa kuteleza tangu utotoni.

Majirani walisema. Mkwe gani huyu anayevaa suruali na kuruka milimani? Sairakan akachoka kusikia. Siku moja, Nurzat akiwa sokoni, aliuchukua ule ubao, akaupandisha kituoni na kuuchanganya na mbao za kukodisha.

"Hakuniuliza," anasema Sairakan. "Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliona nafasi tupu nyuma ya mlango, akajua ubao ulikokwenda, akanyamaza. Baridi nzima alinimiminia chai bila neno."

Kisha asubuhi moja ya mwezi wa pili, Nurzat alishuka kutoka chumbani kwake akiwa na mkoba mgongoni. Akaomba kupanda na gari la wafanyakazi.

"Nakuja kuchukua ubao wangu, Mama," alisema. "Halafu nitashuka mjini nipande gari la kwetu."

Sairakan alijibu, "Haya."

Walipofika juu, theluji ilianguka kama mbingu imepasuka. Nyuma yao mlima ukamwaga mzigo wake wa theluji barabarani. Hakuna aliyeumia, lakini njia ikafungwa. Wageni wasingeweza kupanda, na Nurzat asingeweza kushuka.

Theluji ilipokatika, kimya kilichobaki hakikuwa cha kawaida. Mawingu yalikuwa yamelala bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Mji ulikuwa umefunikwa, ziwa la Issyk-Kul halionekani, na vilele peke yake vilielea juu ya weupe huo, kana kwamba dunia yote iliyobaki ni hao wafanyakazi wachache na harufu ya mkate.

"Nilidhani naota," anasema Sairakan. "Hata sauti yangu niliisikia kama inatoka kwa mtu mwingine."

Meneja akasema viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani viwashwe, visije vikaganda. Na kwa kuwa vinazunguka bure, anayetaka apande.

Batma, mpishi wa kituo na shoga yake Sairakan tangu shule ya msingi, akatoka jikoni na sinia kubwa la bati chini ya kwapa.

"Wee Sairakan, unalinda viatu vya nani leo? Toka nje! Hata mbwa wa kituo ana raha kuliko wewe."

"Na hilo sinia?"

"Hili ndilo farasi wangu. Na likipinda, mtakula chakula kwenye viganja."

Nurzat alikuwa amekwishapata ubao wake kwenye rafu. Akapanda nao hadi juu, akapotea ndani ya misonobari. Sairakan alisimama mlangoni, mikono kwenye aproni. Alikuwa hajawahi kumtazama mkwe wake akiteleza, hata mara moja.

Akamwona anatokea juu kabisa, doa dogo tu. Doa likaanza kushuka, huku na huku, bila haraka, bila sauti. Theluji ilimfuata nyuma kama pazia. Kitambaa chekundu alichojifunga chini ya kofia kilipepea. Alipita katikati ya miti kama anayeifahamu kwa majina.

"Yule ni nani?" Kubat aliuliza kutoka kwenye trekta lake.

"Ni mkwe wako," Sairakan alijibu, na machozi yakamtoka. Anasema ilikuwa baridi. Batma anasema haikuwa baridi.

Nurzat aliposimama mbele yao, mashavu yamewaka, alisahau kuinamisha macho.

"Mama, njoo upande."

"Mimi? Mifupa hii haiuzwi dukani, mwanangu."

"Mpandishe!" Batma akapiga kelele kutoka kwenye theluji alikomwagwa na sinia. "Mpandishe, asije akasema mimi peke yangu ndiye mwendawazimu!"

Wakamvalisha mabuti, yaliyokauka vizuri kwa mkono wake mwenyewe. Kubat akampandisha kwa trekta hadi katikati ya mteremko mpole. Nurzat akamfunga kwenye ubao wa samawati, yeye akavaa mwingine wa kukodisha, akamshika mikono yote miwili na kuanza kushuka kinyumenyume mbele yake.

"Usitazame chini, Mama. Nitazame mimi."

"Nilimtazama," anasema Sairakan. "Mwaka na zaidi tumekaa nyumba moja, sikujua macho yake yana rangi gani. Kumbe yana ukijani kidogo, kama maji ya ziwa wakati wa machipuko."

Anasema hakusikia miguu. Miti ilipita yenyewe, mlima ulipita wenyewe, na wao wawili walikuwa wametulia tu katikati, wameshikana. Ilidumu kidogo sana. Ilidumu sana pia. Kisha wakaanguka, mmoja juu ya mwingine, na hakuna aliyejaribu kuinuka.

Vipande vichache vya theluji vilikuwa bado vinaelea hewani. Chini kule Batma alikuwa analitukana sinia lake.

"Ulikodisha ubao wangu," Nurzat alisema, akitazama juu.

"Nilikodisha."

"Kwa nani?"

"Kwa Mrusi mmoja mnene. Alianguka toka juu mpaka chini."

Nurzat alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa kishindo, na Sairakan naye akacheka mpaka tumbo likauma.

Walipotulia, Sairakan akasema, "Nilikosea, mwanangu. Mkoba nimeuona. Ukienda, nenda na ubao wako. Ukirudi, ubao hautakaa tena mahali pasipo pake."

Nurzat alimkung'uta mama mkwe theluji kwenye kola, kisha akampa mkono ainuke. Wakapanda tena. Na tena. Jioni walikula vimandazi na supu ya moto jikoni kwa Batma, nguo zao zote zikifuka mvuke kando ya jiko.

Barabara ilifunguliwa kesho yake, na Nurzat akaenda kwao kweli. Sairakan hakumpigia simu. "Ningempigia ningemlazimisha," anasema.

Wiki ya pili, gari la mjini lilisimama mbele ya lango. Nurzat alishuka, ubao begani, mchana kweupe, majirani wote wakiangalia. Sairakan alitoka akaupokea ubao kwa mikono miwili, akaubeba yeye mpaka ndani.

Sasa wana mpango. Jumatatu kituo huwa kitupu, na meneja amekubali. Kuanzia majira ya baridi yajayo, Nurzat atawafundisha wake vijana wa kijijini, wale ambao waume zao wako mbali. Tayari watano wametaka, wawili kwa siri.

Na watoto wao wachanga je, watabaki na nani?

Sairakan anaonyesha chumba chake chenye joto, kona iliyo mbali na jiko, alikotandika zulia la sufu.

"Watabaki na mimi hapa," anasema. "Mama zao waende juu wakainue macho."