Mawe ya Mizani Yaliyotunzwa Mno

Wiki iliyopita mkaguzi wa mizani alikuja kijijini kwetu Endasak kupima mawe ya mizani ya duka letu la ujamaa. Mama mmoja mjane akamfungulia kanga yenye mawe ya chuma ya marehemu mumewe, aliyekuwa na duka kule tulikohama kabla ya kuja kijiji hiki. Alitaka kukipa kijiji mawe hayo. Yaling'aa kama sufuria mpya.

Mkaguzi akayapima moja baada ya jingine, akafika la mwisho, akatikisa kichwa.

"Mama, hata hili limepungua. Ulikuwa unayafanyia nini?"

"Nayasugua kwa mchanga kila Jumamosi, halafu nayapaka siagi. Marehemu mwenyewe alisema nisiache kutu iyale."

"Siagi peke yake ingetosha, mama. Mchanga ndio umekula chuma. Siwezi kuyapiga mhuri yatumike dukani."

Mama akapitisha kidole gumba juu ya jiwe, kisha akalirudisha kwenye kanga na kufunga fundo.

"Aliniambia kutu inakula chuma," akasema taratibu. "Hakuniambia na mkono unakula."

Kila wiki nalalamika hapa kwenye safu hii juu ya mali ya kijiji inayokufa kwa kukosa mtunzaji. Hii imekufa kwa kutunzwa, na sina wa kumlaumu.