Mawese Masikioni mwa Mbwa wa Mama

Mbwa wa mama alianza kunuka sikio moja, kisha yote mawili. Harufu ilikuwa ya unga wa muhogo uliosahauliwa ndooni, na ilifika sebuleni kabla yake. Alipona, akaugua, akapona, akaugua tena. Mimi nilikuwa nimehamia kwa mama, huko Kibondo, baada ya baba kufariki, eti nimtunze. Kazi yangu kubwa ikawa kumuogesha mbwa kila Jumamosi, nikihakikisha maji ya sabuni yanaingia hadi ndani ya masikio. Nilijiona mtu wa maana sana.

Mama naye alikuwa na dawa yake: mawese ya uvuguvugu kila asubuhi. Watoto wa huku wengi tumetiwa mawese masikioni, na mama hakuona sababu ya kumbagua mbwa.

Siku jumuiya iliposali kwetu, mbwa aliingia katikati ya rozari, akasimama mbele ya katekista na kukung'uta kichwa. Shati jeupe likapata madoa mekundu kuanzia kola hadi kifungo cha mwisho. Katekista alimaliza Salamu Maria bila kufumbua macho, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Baada ya sala, wazee walishauri mbwa apelekwe kwa shemeji yake mama, kijijini Nyabibuye. Mama alikusanya vikombe vya chai kabla hawajamaliza kunywa.

Kesho yake tulimrudisha kwa bwana mifugo, aliyewahi kutupa dawa ugonjwa ulipoanza. Alichungulia kwa tochi, akasema tukiendelea hivi mbwa atakuwa kiziwi. Akauliza tunamtia nini, na mama akamjibu kwa fahari.

"Mama, mawese ni ya mboga."

"Huyu nilimtia tangu mchanga," mama akasema, akininyooshea kidole, "na anasikia."

Bwana mifugo akanikagua kushoto na kulia. "Ya huyu yamesimama, mama. Ya mbwa yamelala. Kinachoingia mle hakikauki."

Nilicheka, mpaka alipouliza nani humuogesha.

Kumbe maji yangu na mafuta ya mama vilikuwa vinafuga ukungu. Tena dawa aliyotupa mara ya kwanza tuliiacha siku ya tatu, harufu ilipoisha. Safari hii alitusomesha: safisha, kausha kwa pamba, tia matone, sugua shina la sikio, hadi siku ya mwisho hata akipona. Kisha chungulia kila wiki, maana masikio ya namna hiyo hayaachani na ugonjwa moja kwa moja.

Mama alishika ratiba ile kuliko sala zake za novena. Nikashangaa bidii yote hiyo ni ya nini.

Wiki ya tatu nilimkuta nyuma ya nyumba, ameinua sikio la mbwa, ananong'ona. Alimsimulia maharage yalivyoliwa na nyani, magoti yanavyomuuma, baba anavyomjia ndotoni. Akanisema na mimi, kwamba ugali wangu una madonge. Mimi hakuwahi kuniambia hata moja kati ya hayo. Niliumia, nikafurahi, nikabaki mlangoni nikisikiliza, mpaka mbwa akanisikia na kugeuka.